Mzee Asiyetaka Picha

Mara ya kwanza Mzee Ambindwile alipomkimbia Sia, Sia alidhani mzee kaona nyoka. Walikuwa wanakuja uso kwa uso kwenye kinjia cha kushukia mtoni, Sia na kamera yake shingoni, mzee na mkungu wa ndizi begani. Binti wa watu akafungua mdomo aamkie. Hata hiyo shikamoo haijatoka vizuri, mzee kageuka ubavu, kaingia migombani na mkungu wake, majani yakamfunika. Sia akabaki anaangalia chini amtafute huyo nyoka. Nyoka hakuwepo.

Mara ya pili ilikuwa Jumapili, nje ya kanisa, watu wanapeana mikono. Mzee alipomwona tu, akauruka mtaro na suti yake ya ibada, miaka sitini na tisa hiyo, akaishia nyuma ya choo cha kanisa. Mara ya tatu ikawa sokoni Tukuyu. Pale alijibanza nyuma ya magunia ya viazi, na Sia akaiona kofia yake ikichungulia kama Sia bado yupo. Jamani, hapo hata wewe msomaji ungeelewa kwamba nyoka ni wewe mwenyewe.

Na angekuwa mzee wa kupita tu njiani, Sia angecheka akaendelea na safari yake. Lakini huyo alikuwa baba yake Amoni.

Nikurudishe nyuma kidogo. Sia alikuja Rungwe wiki nne zilizopita kutoka kwao Marangu. Shirika moja la Dar es Salaam lilimpa kazi ya kupiga picha biashara za kinamama zinazotunza mazingira, biashara kumi na mbili, picha zitundikwe kwenye maonyesho pale Tukuyu. Akawapiga wanaosuka vikapu Lupepo ili watu waache mifuko ya plastiki. Akampiga mama wa sabuni anayemwambia kila mteja arudi na chupa yake ya zamani. Akawapiga wanaokausha matunda kwa jua. Mwisho akafika Kyimo, kwa Mama Yustina na kikundi chake cha Tusubilege, wanaotengeneza mkaa mbadala kwa majani makavu ya migomba na magunzi ya mahindi. Mashine zao za kushindilia mkaa ziliundwa na kijana wa Mama Yustina, Amoni, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana Tukuyu.

Amoni akapewa kazi ya kumzungusha mgeni kwa pikipiki yake. Wiki ya kwanza walizungumzia mwanga na mashine. Wiki ya pili wakawa wanazungumza mpaka wanapitiliza njia panda. Wiki ya tatu, wakirudi kutoka Lupepo, gurudumu likapata pancha, na Amoni akiwa amechuchumaa kuliziba, bila hata kumtazama, akasema, "Sia, mimi si mtu wa maneno mengi. Nataka nikuoe." Moyo wa Sia ulipiga vile ambavyo haujawahi kupiga. Akasema, "Nipe wiki moja. Ijumaa nitakujibu."

Sasa sikiliza hapa. Kabla ya siku ile, Mzee Ambindwile alikuwa rafiki yake. Alikuwa anamwita binti wa Kilimanjaro, anampa maparachichi, anamuuliza kama kwao kuna ukungu kama huu. Siku moja tu baada ya Amoni kusema neno lake, mzee akaanza kukimbia! Sia alijumlisha mwenyewe akapata jibu. Mzee anampenda mgeni. Mke wa mwanawe, Mchaga wa suruali na kamera, hapana.

Jumatatu alijikaza akamuuliza Amoni. "Baba yako ana shida na mimi?"

Amoni akacheka mpaka akashikilia usukani. "Baba? Baba amekukubali mpaka anapitiliza!"

Sia akaona anabembelezwa kama mtoto. Akanyamaza na kidonda chake.

Maana kidonda alikuwa nacho kweli. Dada yake mkubwa, Elina, aliolewa kwenye nyumba ambayo mkwe mmoja hakumtaka. Miaka sita alikula jikoni peke yake, salamu zake hazikuitikiwa, na mume akisema, "Watazoea tu." Hawakuzoea. Elina alirudi Marangu na watoto wawili na mabegi, na mama yao alipoyapokea yale mabegi mlangoni, Sia aliapa palepale. Nyumba yenye mtu mmoja tu asiyemtaka, haingii, hata mwanaume awe wa dhahabu.

Basi Ijumaa ikafika. Asubuhi ukungu ulipoinuka, jua likatoka zuri mno, na Sia akawa uani kwa Mama Yustina akipiga picha zake za mwisho. Kinamama wanane walikuwa kazini, mikono myeusi mpaka viwiko. Wawili wanatwanga majani yaliyochomwa, mmoja anakoroga uji wa muhogo wa kugandishia, Mama Yustina mwenyewe yuko kwenye mashine. Vichanja sita vya mkaa mbichi vilikuwa vimeanikwa uwanjani. Huo ndio mkaa wa kwenda kwenye maonyesho kesho, uwashwe mbele ya wanunuzi, na kikundi kizima kilikuwa kimeuhangaikia kwa wiki mbili.

"Dada Sia!" akaita Atuganile, jirani na mtani wa kila mtu. "Usinitoe mweusi kuzidi huu niliojaliwa!"

"Umetoka mzuri."

"Basi nirushie kwenye simu, nimtumie yule bwana aliyeniacha. Ajute vizuri."

Kinamama wakacheka. Sia akacheka nao, kisha akajipa moyo. Ilikuwa siku yake ya mwisho, akaona ajaribu mara moja zaidi. "Mama, sasa nataka picha moja ya wewe na baba. Wewe uko kwenye mashine, yeye anakuletea majani."

Halafu mmoja akaanza kucheka kwenye kiganja, mwingine akafuata, na Atuganile akaweka mikono mdomoni akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba. "Mzee! Mpiga picha anakutaka!"

Nyuma ya nyumba ikasikika ndoo ikianguka, kisha miguu ikikimbia. Kinamama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sia aliinamia kamera yake akajifanya anafuta lenzi, kumbe anafuta macho.

"Mwache, mwanangu," Mama Yustina akasema, akitabasamu. "Huyo sasa hata umwahidi ng'ombe, hasogei."

"Lakini mama, mwanzoni alikuwa ananiongelesha vizuri."

"Mwanzoni ulikuwa mgeni. Sasa mambo yamebadilika. Amoni si amekueleza?"

Sia akaitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelezwa kitu, lakini utamuulizaje mama wa watu, mbele ya kinamama wenzake, kwa nini mumewe hakutaki? Akaitikia tu, na Mama Yustina akaridhika akarudi kwenye mashine yake.

Saa tano hivi pikipiki ikanguruma njiani. Amoni alikuwa amevaa shati jeupe. Fundi wa kuchomelea, siku ya kazi, shati jeupe! Kinamama wakaangaliana. Sia alimwona akishuka, akaona alivyojipangusa viatu kwenye majani, na akataka dunia isimame hapo hapo kabla hajafungua mdomo. Wakasogea pembeni, chini ya mparachichi, mbali na masikio.

"Leo Ijumaa," Amoni akasema.

"Najua."

"Tangu alfajiri niko macho. Nimechomea stendi mbili za picha zako, zote zimepinda."

Sia alitaka kucheka, akashindwa. "Amoni, Jumapili naondoka."

"Unaenda kuwaambia nyumbani?"

"Naondoka, basi. Sirudi."

Amoni akamtazama. Macho yake yalikuwa yale yale yaliyomfanya Sia akose usingizi wiki nne, na sasa yalikuwa yanamtafuta usoni kama mtu aliyeangusha kitu kwenye nyasi. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Ni kwa sababu mimi fundi tu? Sina ofisi?"

"Usinivunjie heshima! Hiyo mikono yako naipenda kuliko ofisi zote za Tanzania."

"Basi kuna mtu Marangu."

"Hakuna mtu."

"Sasa ni nini, Sia? Niambie nikirekebishe. Mimi kazi yangu ni kurekebisha."

Sia akauma midomo. Angeweza kusema, ni baba yako. Lakini alimjua Amoni. Angeenda kugombana na mzazi wake siku hiyo hiyo, na Sia hakutaka kuwa mtu wa kugombanisha mtoto na baba. "Siwezi kusema. Naomba usiniulize."

Kinamama kule uwanjani walikuwa wamewapa mgongo kwa adabu, ila masikio yalikuwa yamegeukia huku yote.

"Hujasema hunipendi," Amoni akasema mwishoni, kwa sauti ya chini.

"Siwezi kusema uongo."

"Basi nitabaki na hilo." Akavaa kofia yake ya pikipiki. Pikipiki ikakataa kuwaka mara ya kwanza, ikakataa mara ya pili, na Sia akawa anaomba Mungu iwake upesi kwa sababu ingekataa mara ya tatu angemkimbilia. Ikawaka. Akaondoka.

Kinamama hawakuuliza kitu. Walimwona ameketi barazani na kompyuta yake, anapanga picha bila kuziona, wakamwachia nafasi. Mchana wakachukua kamba na mapanga wakateremka bondeni kufuata majani makavu. "Tuangalizie vichanja, mwanangu," Mama Yustina alimwambia. "Jua la hapa halina adabu, linaondoka bila kuaga."

Na kweli halikuaga. Sia alikuwa ameinama kwenye kompyuta, akasikia tone juu ya bati, akasikia la pili, na kabla hajanyanyuka mvua ilishamwagika yote. Vichanja sita! Mkaa mbichi ukilowa unarudi kuwa tope! Akarusha kompyuta ndani, akakimbilia kichanja cha kwanza akakinyanyua upande mmoja. Kizito, kirefu, cha watu wawili. Akakiburuta hatua tatu, na mkaa wa mwishoni mwa kichanja ukaanguka chini ukapasuka.

"Mama Yustina!" aliita. Nani amsikie bondeni? Akageuka huku na huku, na hapo ndipo akaona mlango wa jiko uko nusu wazi, na ndani yake amesimama Mzee Ambindwile, mkavu, amempa mgongo, anatazama ukuta.

Hapo Sia akawaka. Wiki nzima ya kukimbiwa, Elina na mabegi yake, Amoni na shati lake jeupe, vyote vikamjia kwa pamoja.

"Mzee Ambindwile!" akapiga kelele katikati ya mvua. "Mzee Ambindwile! Mkaa wa mke wako unaharibika! Nichukie mimi, sawa, mkaa umekukosea nini?"

Sia akarudi kwenye kichanja chake, analia na kuvuta, anavuta na kulia. Kisha akasikia miguu ikichapa tope nyuma yake.

Mzee alikuwa anakuja. Lakini anakuja kinyumenyume! Na kichwani amejifunika tenga, lile kubwa la kubebea maparachichi, limemshuka mpaka mabegani, uso wote haupo. Akaja hivyo hivyo, kisigino kwa kisigino, mkono mmoja unapapasa hewani, mpaka ukagusa kichanja. Akashika. Sia akashika upande wake. Wakanyanyua, wakakimbia nacho hadi ghalani, mzee akiwa mbele na tenga lake, anaijua njia kwa miguu.

Cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne mzee akaikosa njia akajigonga kwenye nguzo ya ghala, tenga likalia ko! "Yuuu!" akasema humo ndani. Sia akajibana asicheke, na kicheko kikamtoka puani, akaogopa kwamba sasa ndiyo amemtukana kabisa. Lakini tenga nalo likawa linatikisika. Mzee alikuwa anacheka.

Walipomaliza cha sita, Sia akaegemea ukuta wa ghala, amelowa chapachapa, masizi yanamtiririka usoni. Mzee alikuwa ameshapotea. Kisha sauti yake ikatokea nyuma ya kona ya jiko, kwa kile Kiswahili chake cha wazee wa huku, ambacho z na v humteleza mara moja moja.

"Wewe kuku," ikasema sauti.

Kuku mmoja alikuwepo kweli, amejikunyata chini ya upenu, manyoya yamelowa. Sia akamtazama kuku. Kuku akamtazama Sia.

"Kuku, mwambie mke wa mwanangu amefanya kasi fisuri. Mwambie asikae na nguo mbichi. Jikoni kuna moto, aingie. Mimi nimetoka, nyumba ni yake."

Mke wa nani?

Alitaka kuizunguka ile kona amuulize uso kwa uso. Kitu kikamzuia. Akachuchumaa pale pale. "Kuku," akasema, "muulize baba. Kwani hanichukii?"

Mvua ikagonga juu ya bati.

"Kuku, mwambie hilo jambo mimi silijui. Mwambie Ijumaa ile Amoni alikuja akaniambia, baba, nimepata mke. Nikamuuliza, amekubali? Akasema, bado anafikiria. Nikamwambia, wewe ngoja amalize kufikiria, mimi singoji. Kesho naanza kumheshimu. Mkwe hatazamwi na baba mkwe, hasalimiwi njiani. Baba yangu alimheshimu hivyo mama yake Amoni miaka tisa, na alimpenda kuliko sisi watoto wake."

Sia akaziba mdomo kwa viganja vyeusi.

"Mwambie tena, kuku. Wako watu waliniambia, huyo ni Mchaga, hajui mila, wewe msalimie tu. Nikakataa. Wake za watoto wa wenzangu wanaheshimiwa, wa kwangu nimsalimie barabarani kama mpita njia? Hapo nitakuwa nimemfanya mgeni. Mimi sitaki mgeni. Mke wa mwanangu ni mke wa mwanangu."

Sia alilia, jamani. Alilia kwa sauti, bila aibu, amechuchumaa mbele ya kuku. Yule mtu ambaye Sia alidhani anamfungia mlango, kumbe tangu siku ya kwanza alikuwa amemkalisha ndani.

"Kuku," akasema alipopata pumzi, "mwambie baba ndaga fijo, asante sana."

Nyuma ya kona mzee akakohoa kile kikohozi cha wanaume wasiotaka kusikika wameguswa. Kisha miguu ikaondoka.

Kinamama wakafika mbio na mvua, kila mmoja ana mzigo wa majani, wakakuta vichanja vyote ghalani na mpiga picha wao ameketi kwenye moto wa jiko, analia na kucheka kwa zamu. Akawaeleza. Mama Yustina akajishika kichwa.

"Mungu wangu! Kwa hiyo Amoni hakukuambia?"

"Yeye labda alidhani umeniambia wewe, mama."

"Mimi? Mama mkwe nimweleze mkwe habari za baba mkwe? Mimi naona haya! Na mila yenyewe hapa nani haijui? Watoto wadogo wanaijua!"

"Mimi nilidhani hanitaki. Nikamfokea, mama. Nikamwita Mzee Ambindwile, mkaa umekukosea nini."

Kinamama wote wakashusha pumzi kwa mpigo. Atuganile akapiga makofi. "Wee! Ulimtaja jina? Baba mkwe, jina lake?"

"Mara mbili."

"Mara mbili! Loo! Mimi nina miaka kumi na saba ya ndoa, jina la baba mkwe wangu hata likiwa kwenye kitabu nalifumbia macho!"

Wakacheka, na Mama Yustina akacheka kuliko wote mpaka akafuta machozi kwa kona ya kitenge. Halafu akatulia ghafla. "Mwanangu. Asubuhi pale mparachichini, ulimjibu nini Amoni?"

Sia akatazama moto.

"Nilimkatalia, mama."

Atuganile akawa wa kwanza kuinuka. "Sasa tunakodoleana macho ya nini? Mpigieni!"

Wakapiga. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Wakapiga tena. Mtu anayechomelea vyuma hasikii simu. Sia akasimama, akafunga kitenge cha Mama Yustina juu ya suruali mbichi, akatoka mbio hadi barabarani, na dereva wa bodaboda aliyejikinga mvua pale kibandani akauliza, "Wapi, dada?" akajibiwa kwa sauti iliyomfanya asiulize tena. Walipanda hadi Tukuyu wakipita mashamba ya chai, mvua inawachapa usoni, na njia nzima Sia alikuwa anasali kwamba asiwe ameshachelewa kwenye moyo wa mtu.

Karakana ya Amoni ilikuwa na bati moja na cheche nyingi. Alikuwa ameinama juu ya stendi za picha, kinyago cha kuchomelea usoni, lile shati jeupe limetobolewa na cheche mahali kama saba, wala hajali. Sia akasimama mlangoni, akageuza macho pembeni asiangalie ule mwanga, akangoja. Cheche zikakoma. Kinyago kikapanda juu.

"Sia? Uso umefanya nini?"

"Mkaa. Amoni, baba yako ananikimbia kwa nini?"

"Si ni heshima? Wewe mkwe..." Sia aliona jambo likimwingia taratibu, kutoka macho hadi mdomo. "Hukujua?"

"Ningejulia wapi? Kwetu baba mkwe unampelekea chai mnapiga soga!"

Amoni akakaa juu ya rundo la vyuma chakavu. "Kwa hiyo wiki nzima wewe ulidhani..."

"Ndiyo."

"Na mimi nilipocheka siku ile..."

"Ndiyo! Nilitamani nikupige na kamera!"

"Ee Mungu. Mimi nimekulia kwenye hicho kitu, Sia. Ni kama kumwambia mtu kwamba mvua inalowesha. Sikufikiria hata mara moja kwamba..." Akainua kichwa. Kwenye macho yake kulikuwa na tumaini, na alikuwa analiogopa. "Na lile jibu la asubuhi?"

"Lile lilikuwa la mtu asiyejua. Sasa najua. Niulize tena."

Amoni akasimama. Akavua glovu, moja, halafu ya pili, akaziweka chini polepole kama mtu anayetandika meza. Akamsogelea mpaka Sia akasikia harufu ya chuma cha moto kwenye shati lake. "Nataka nikuoe," akasema, na safari hii alimtazama.

"Na mimi nataka unioe. Nimekubali, Amoni. Nimekubali tangu pancha."

Amoni akamshika uso kwa mikono yote miwili, masizi na yote, na jinsi alivyomtazama siwezi kukusimulia, maana hata fundi wa karakana ya jirani aliyekuwa anachungulia aligeuka akaenda zake. Walikumbatiana mpaka maji ya nguo zake yakaloweka shati la yule mwenzake.

"Lakini miaka tisa, Amoni?" Sia akasema kifuani pake.

"Siku hizi wazee wengine wanafupisha. Nikimwomba..."

"Usimwombe. Mwache anipe kama wanavyopewa wenzangu."

Kisha akajitoa kidogo, akatoa simu mfukoni mwa suruali, akaifuta, akashukuru Mungu bado inawaka. Kulikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kujua kabla ya wote. Marangu simu ikapokelewa mara moja, kama iliyokuwa inangojewa.

"Mama, Jumapili siji. Nimepata mchumba. Anaitwa Amoni."

Mama Elina alinyamaza. Yule mama alikuwa ameshapokea mabegi ya binti mmoja mlangoni, na Sia aliusikia ule ukimya akajua mama anaona nini.

"Na kwao?" mama akauliza. "Wanakutaka, mwanangu? Usinifiche."

"Wananitaka, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Hata baba mtu?"

Sia akamtazama Amoni, akacheka, na machozi yakamtoka tena. "Huyo ndiye wa kwanza, mama. Alinikubali kabla mimi mwenyewe sijakubali."

Mama Elina akavuta pumzi ndefu, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa nyingine, ile ya siku za sikukuu.

"Mpe simu huyo kijana."

Amoni akajifuta viganja kwenye suruali, akavifuta tena, akafunga kifungo cha juu cha shati lake lililotoboka, akasimama wima kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akasema Mama Elina. "Haya, mnakuja lini?"